Mhariri, Irente ya saa saba mchana sio Irente

Kwako Mhariri,

Salaam sana. Mi ni msomaji wenu wa miaka, gazeti nalisoma kwa muuza kahawa hapa Ngamiani barabara ya 12 kabla sijafungua studio, na nikikuta wazee wa bao wameshalichukua nasubiri mpaka wamalize, kwa hiyo msinione mtu wa kulalamika tu. Lakini ile picha mliyotoa ukurasa wa utalii wa ndani, mkaandika chini yake mandhari ya kuvutia ya Irente, Lushoto, ule ukingo wa milima ya Usambara, jamani. Mbingu nyeupe kama shuka la hospitali, bonde lote rangi ya majivu, na yule kaka aliyesimama kwenye jiwe uso umekuwa mweusi hata macho huyaoni. Nikamwambia muuza kahawa hii imepigwa saa saba. Akaniuliza umejuaje yakhe, nikamuonyesha kivuli. Kivuli chote cha yule kaka kimejikunja chini ya viatu vyake kama paka.

Simsemi vibaya mpiga picha wenu. Hiyo picha ninayo. Ninayo hiyohiyo, labda mara mia mbili, kwenye diski ya kazi za mwaka juzi, na nilizipiga kwa hela ya mtu.

Ilikuwa hivi. Familia moja ya hapa mjini walinipa kazi ya harusi, na siku ya pili yake bibi harusi akasema hataki picha za Raskazoni, baharini kila mtu anazo, anataka milima. Mi nikasema milima hiyo hapo, twende Lushoto. Tukakodi kosta, watu 19, na masufuria ya pilau iliyobaki. Tumepanga kuondoka saa 12 tukaondoka saa tatu maana shangazi wa bwana harusi alikuwa bado anasukwa, Segera tukasimama chai, Korogwe tukasimama machungwa, Mombo watu wakataka kujinyoosha, alafu zile kona za kupandia Soni mtoto akatapika kwenye begi la shela (tulilifuta, bibi harusi hajui mpaka leo, labda akisoma hapa). Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita kama 33 tu lakini kwa kosta iliyojaa mabibi ni safari. Tunafika Irente saa saba na robo. Jua la utosi. Shela linawaka mpaka kamera inakataa, uso wa bi harusi una vivuli viwili chini ya macho kama hajalala wiki, na nyuma yake lile bonde wanalolisifia watu, ambalo ukisimama pale ardhi inaisha ghafla na unaangalia chini kama mita 1,000 mpaka Mazinde, halionekani. Yaani lipo lakini limemezwa na mwanga. Saa tisa kosta ikageuza maana dereva alikuwa na msiba wa kubeba jioni. Tanga waja leo waondoka leo, ndo sisi hao.

Nikazipeleka kwenye kompyuta nikawawekea mbingu ya bluu ya kubandika. Mama wa bibi harusi akaziangalia moja moja kimya, akafika ya kumi na kitu akasema, "Mwanangu, hii mbingu mbona kama ya kalenda?" Hela alinipa yote, hakupunguza hata shilingi, na hilo ndo lililonichoma zaidi.

Basi mwaka uliofuata mwezi wa sita nikarudi mwenyewe, basi la asubuhi kutoka Kange, kamera moja, lenzi mbili, stendi ya kamera na sweta la kuazima. Nashuka Lushoto nikamkuta dogo wa bodaboda nikamwambia nipeleke Irente sasa hivi. Ilikuwa saa saba tena! Akaangalia begi langu akasema, "Kaka, unataka kupiga picha au unataka kufika? Kama kufika twende. Kama picha, ukale, ulale, nikufuate saa kumi."

Mhariri, huyo dogo hajasomea kamera, simu yake kioo kimepasuka, lakini kila siku anapeleka watu pale na kila siku anawaona wanarudi na sura gani. Watu wananiuliza sana lokesheni, kaka naomba lokesheni ya ile picha, wakati lokesheni wanaijua, imeandikwa kwenye kibao. Mimi siku hizi nikiulizwa wapi, najibu saa ngapi.

Irente imeangalia magharibi. Nilikuwa sijalifikiria hilo hata siku moja, mtu wa Tanga mjini sisi jua letu tunalijua linatokea baharini, basi. Mlima ule ukingo wake unaangalia kule nyika ya Wamasai, kwa hiyo mchana jua liko kichwani na kila kitu kinakuwa bapa, lakini kuanzia saa kumi na nusu linaanza kuja kwa ubavu, na lile genge la mawe linafunguka mikunjo mikunjo kama kanga iliyotundikwa kwenye kamba. Chini unaanza kuona vitu ambavyo saa saba havikuwepo. Mashamba ya mkonge mistari imechanwa kama kwa kitana. Reli. Barabara kubwa na malori madogo kama siafu. Mabati ya Mazinde yanawaka moja baada ya jingine, hili linazima lile linawaka, kama mtu anapita anayagusa. Nilikaa pale nimesahau kubonyeza.

Jua mwezi wa sita kule linazama kama saa 12 na dakika ishirini. Likizama wote waliokuwepo, vijana wa chuo na wazungu wawili, wakakunja wakaondoka. Dogo akanishika begi, "Tulia." Na kweli, dakika kama kumi na tano baadaye ile nyika ikageuka zambarau na juu yake mstari mwembamba wa machungwa, mwanga laini hauna kivuli, ndo picha niliyoitundika studio saivi. Lakini uwe tayari, maana huku kwetu karibu na ikweta jua linadondoka wima, halitelezi pembeni kama nchi za baridi, rangi zinakuja zinaondoka wewe bado unatafuta betri. Stendi iwe imeshasimama. Na wa simu nao wasijione wanyonge: gusa kwa kidole pale kwenye mwanga, alafu shusha ung'avu kidogo, usiiachie simu ijiamulie maana itakugeuzia magharibi kuwa adhuhuri.

Kesho yake dogo akanionyesha kitu kingine. Pale kwenye jiwe la Irente kila mtu anapanda juu ya jiwe anapiga bonde. Sawa. Lakini ukisimama juu ya jiwe huwezi kulipiga jiwe, si ndio? Uzuri wenyewe ni lile jiwe lilivyoning'inia na mtu juu yake mdogo kama punje ya mtama, na hilo unalipata ukiwa pembeni. Akanizungusha kwa njia ya miguu mpaka nyuma ya shamba la karoti la bibi mmoja. Tukapiga hodi. Nikamwamkia, nikajieleza, bibi akauliza hizo picha zinaenda kuuzwa? Nikamwambia sijui bibi, pengine. Akacheka akasema basi nunua karoti. Nikanunua fungu mbili, akatupitisha mpaka ukingoni mwenyewe, akatuonyesha na pa kutokanyaga maana udongo pale umemeguka mvua za masika. Hizo karoti nimezibeba mpaka Tanga.

Nasema hivi kwa sababu wapiga picha tuna tabia ya kuingia shambani kwa mtu kama tumeingia baharini. Mlimani kule hakuna pori la bure, kila tuta lina mwenyewe, na mama aliyebeba kuni kichwani anapanda kilima sio mandhari, ni mama wa watu yupo kazini, msalimie kwanza. Mi Kisambaa changu kibovu, nikisalimia wanacheka, lakini wakishacheka kazi imekuwa rahisi.

Asubuhi pia Irente usiidharau, ila ujue unafuata nini. Jua linatokea nyuma yako, kwa hiyo kivuli cha mlima mzima kinalala juu ya Mazinde, kikubwa cha bluu, alafu kinarudi taratibu kuelekea mlimani kama maji kupwa. Sisi watu wa pwani tukikiona tunakielewa mara moja. Saa mbili asubuhi kinakuwa kimeshasogea.

Sasa ukungu. Wengi wanafika Lushoto wakikuta ukungu wanasema safari imeharibika, wanarudi hotelini kula viazi. Ukungu ule ni bahari yetu hii hii. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unapita juu ya vichwa vyetu hapa Tanga, unafika milimani hauna pa kupita isipokuwa kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa wingu. Ndo maana misitu ya Usambara, na hii milima yote ya Tao la Mashariki kuanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, ina wadudu na maua ambayo hayapo kwingine duniani. Maana yake kwa mwenye kamera ni kwamba upande unaoangalia bahari ndo unaofunikwa zaidi, na huko Irente upande wa pili mara nyingi pamefunguka. Siku moja nimetoka Lushoto mjini sioni hata bodaboda ya mbele, kilomita kama 6 tu mpaka Irente, nafika jua tele.

Na ukungu wenyewe ukiukuta ndani ya msitu usiukimbie, upige. Msitu wa Magamba bila ukungu ni vurugu, majani juu ya majani, jicho halijui litulie wapi, kila doa la jua linachoma picha. Ukungu ukiingia unatenganisha miti, wa mbele mweusi, wa pili kijivu, wa tatu kama pumzi. Ongeza mwanga kidogo kwenye kamera maana yenyewe inadhani ule weupe umezidi inautia giza. Maporomoko nayo yafuate siku ya mawingu, pale Soni njiani au Mkuzu huko Magamba, siku ya jua kali povu linageuka karatasi nyeupe tu.

Kisha mbega. Hao wenye manyoya meupe yaliyoning'inia mabegani kama mgolole. Nimewapiga mbega nadhani mia tatu nikawa nimepata matawi mia tatu yenye doa jeusi, kwa sababu unasimama chini unaangalia juu, nyuma yao mbingu, kamera inachanganyikiwa. Kiongozi wa msitu, kijana mpole sana, akanipandisha mteremko mpaka tukawa tumelingana na vilele vya miti ya bondeni, akasema kaa. Tukakaa kama dakika arobaini, mchwa wakanipanda. Wakaja wenyewe. Tupo usawa mmoja, nyuma yao majani sio mbingu, na mmoja ananiangalia anatafuna jani kwa utulivu wa mzee wa baraza. Hiyo ni elimu ya yule kijana, hela niliyomlipa naiona ndogo mpaka leo, na ukienda huko nakuomba usijifanye unajua njia, mchukue kiongozi, lipa risiti, pumzika.

Hapo kwenye kulipa nina neno, Mhariri, na sitaitaja hifadhi yenyewe, wala sio lazima iwe ya mkoa huu. Nilifika geti saa 12 na dakika tano asubuhi, ukungu uko chini umelala kwenye miti mpaka nilitaka kulia. Mlinzi akanipokea vizuri, akanipa kiti, akasema mwenye mashine ya malipo anaingia saa mbili na nusu. Nikamwambia nitakuachia pesa mkononi, akakataa, na alifanya vizuri kukataa. Saa mbili na nusu mwenye mashine kaja, mtandao hakuna. Kontroli namba, ile namba ya kulipia, nimeipata saa tatu na dakika kumi. Naingia ndani, jua limeshapanda, ukungu umekwenda zake, ndege wamenyamaza, nimebaki napiga picha miti iliyosimama kama watu kwenye foleni. Ada nimelipa kamili. Sasa hivi tunaambiwa kila siku utalii wa ndani, utalii wa ndani, na kweli twende, lakini msitu una saa zake na ofisi ina saa zake. Kwani ni ngumu mtu kulipia jana yake akiwa mjini akapewa karatasi, akaja alfajiri akamuonyesha mlinzi akapita? Wavuvi wetu hapa hawaendi baharini saa mbili na nusu.

Mtae sasa. Kama una siku moja tu ya ziada maishani nenda Mtae. Unapita Lukozi kwenye kabichi na viazi, barabara ya vumbi, basi linajaa magunia mpaka dirisha halifunguki, unafika umevunjika mgongo, na kijiji kimekaa juu ya ukingo mwembamba kama watu waliopanda ukuta wa uwanja kuangalia mpira. Upande huu bonde, upande huu bonde. Maana yake jua likitoka unalo na jua likizama unalo, unavuka njia tu. Kule chini kaskazini ni Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, kilomita za mraba 3,245 za nyika, na ukiwa Mtae unaiangalia yote kama mkeka uliotandikwa, hapo hujalipa kitu. Wanyama usitegemee kuwaona kutoka juu, unachopata ni vivuli vya mawingu vinatembea juu ya nyika, na hivyo vinatosha, lenzi ndefu inakusaidia kukata kipande kimoja badala ya kutaka kuchukua dunia nzima.

Na Kilimanjaro. Mara ya kwanza, huo mwezi wa sita, sikuiona kabisa, nikadhani watu wa Mtae wanatania wageni. Nimerudi Januari, vuli imeshaosha vumbi hewani. Mzee wa nyumba niliyolala alinigongea saa kumi na moja alfajiri akaniambia amka, mlima unaamka kabla ya watu, ukisubiri chai umeshajifunika shuka. Nikatoka na blanketi, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nyuma ya milima ya Upare kuna kitu cheupe kidogo cha pinki, mi nikadhani wingu. Mzee akasema hilo wingu mbona halitembei? Nilipata picha tisa. Saa moja na nusu kweli likawa wingu.

Na hili la saa za jua nalo niliseme maana hata mimi lilinikosesha. Tumezoea kusema huku kwetu jua linatoka saa 12 mwaka mzima, sio kweli. Mwanzoni mwa Novemba linatoka saa 12 na dakika chache, katikati ya Februari linapita kidogo saa 12 na nusu. Nusu saa hiyo kwa mpiga picha ni kazi nzima. Kama unaenda Februari lala kidogo, kama unaenda Novemba usithubutu.

Kuna jambo moja la huko njiani limenikera, watoto na vinyonga. Ukisimama tu na kamera wanakuja mbio, mmoja ana kinyonga kwenye kijiti, anamtikisa ili abadilike rangi, piga picha mjomba, mia tano. Kinyonga mwenyewe amefungua mdomo, amekuwa mweusi kwa hasira. Nilipiga moja, nakiri. Nikaifuta usiku. Siku hizi nawaambia nionyesheni alipo bila kumgusa nitawapa hiyohiyo mia tano, na amini usiamini wanawajua mti kwa mti, wana macho kuliko lenzi yoyote, na picha ya kinyonga aliyetulia kwenye tawi lake na umande mgongoni huwezi kuilinganisha.

Wasiotaka baridi ya Lushoto wana Amani hapo juu ya Muheza, karibu kabisa na sisi, na sijui kwa nini watu wa Tanga hatuendi. Maji tunayokunywa mjini yanatoka Mto Zigi, na Zigi unatoka kwenye misitu hiyo. Bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani 1902, miti ya kutoka pande zote za dunia imesimama pale mikubwa mpaka shingo inauma, na hifadhi ya mazingira asilia imetangazwa 1997. Lakini mimi nilifuata ua moja dogo, Saintpaulia. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota huku kwetu akalipeleka kwao, na sasa hivi mabibi wa Ulaya nzima wanalo dirishani kwenye chungu na wengi hawajui kama ni la Tanga. Sisi wa Tanga pia hatujui.

Halijioneshi. Linaota kwenye mwamba wa kivuli, penye unyevu, majani yana manyoya kama sikio la mbuzi, ua lenyewe zambarau na katikati tone la njano. Kiongozi aliniambia lipo pale, nikaangalia mara tatu sioni. Nikalala kifudifudi kwenye tope, shati limekwisha, lenzi iko shubiri moja kutoka kwenye mwamba. Giza. Flashi ukiwasha linakuwa kama ua la plastiki. Kiongozi akavua kofia yake nyeupe ya kiua akaishika pembeni, mwanga kidogo wa juu ukagonga kofia ukarudi kwenye ua, na ile njano ikawaka. Kofia tu, yakhe. Nina vifaa vya laki kadhaa studio havijawahi kunipa mwanga kama ule.

Mengine haraka haraka. Droni usipande nayo bila vibali vya anga, watakunyang'anya na watakuwa sawa. Kwenye kona za Mombo na Soni usimsimamishe dereva kwenye kona eti upige picha, malori yanashuka. Pale ukingoni Irente usirudi kinyumenyume ukiwa unaangalia kioo, hata kama nyuma yako kuna watu wanakwambia sogea kidogo. Na ukishuka kutoka kwenye baridi ukafika Mombo kwenye joto usifungue begi la kamera, itatoka jasho ndani na nje, mimi lenzi moja imeota ukungu wa kudumu kwa haraka ya kutaka kumpiga muuza mapeasi dirishani. Iache ndani ya begi ipate joto taratibu, mpaka Korogwe hivi.

Sasa ninachoomba kwenu ni kidogo sana Mhariri. Mkitoa picha ya mlima, chini yake andikeni saa na mwezi. Basi. "Irente, Juni, saa 12 kasoro robo jioni." Mnayo nafasi, mbona matangazo ya viwanja yanaenea. Msomaji wa Dodoma au Mtwara akikata kile kipande akakiweka mfukoni, siku akipata nauli hatapotezwa kama nilivyompoteza yule bibi harusi. Na kama mna mtu anayewafahamu wakubwa wa mageti, mfikishieni lile la kulipia jana yake.

Bibi harusi mwenyewe nilimtafuta. Saivi ana mtoto wa miezi saba. Nimemwambia Juni ijayo nitawapeleka tena kwa gharama yangu, yeye, mumewe na mtoto, tunaondoka siku moja kabla, tunalala Lushoto, na shangazi asukwe wiki nzima kabla ya hapo. Amekubali, ila anataka kujua lile begi la shela lilikuwa linanuka nini.

Nimeambatanisha picha moja. Mtaona mtu mdogo juu ya jiwe, ni yule dogo wa bodaboda. Juni, saa 11 na dakika hamsini jioni. Mkiitoa, msiipunguze pembeni kushoto, hapo ndo kuna shamba la bibi wa karoti.

Ni mimi,
Mpiga picha za harusi,
Ngamiani, Tanga